KIINI SI MFALME

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

  Mimi ni mzima wa mwili, ila moyoni nina donda, na nimeona heri nilifunue hapa mbele ya kadamnasi kuliko kulifunika likaoza. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha uchi hazai.

Yalianza darasani, muhula wa kwanza mwaka jana. Mwalimu wetu wa Bayolojia alichora seli ubaoni, kubwa kama sinia ya kupembulia mchele, akajaza ndani vile viungo vidogo vidogo viitwavyo oganeli. Kiini katikati. Mitokondria huku na huku kama maharage. Ribosomu, vidoadoa vya chaki. Mifuko ya Golgi kama chapati zilizopangwa moja juu ya nyingine. Lisosomu, vijiduara vitatu tu pembeni. Halafu akageuka akatuuliza, "Katika hawa wote, mkubwa ni nani?"

Darasa zima lilijibu kwa kishindo, "Kiini!" Aliyepaza sauti kuliko wote ni mimi, maana nakaa dawati la mbele na napenda kusikika. Nikaongeza, "Kiini ndicho mfalme, mwalimu. Wengine ni watumwa wake." Mwalimu alicheka kidogo, akasema, "Haya, tutaona," na kengele ikalia.

Leo nataka kuupinga usemi wangu mwenyewe. Nasema wazi: kiini si mfalme. Na tena nasema kwamba fikira ile ya ufalme ndiyo inayotufanya hapa shuleni tuwadharau watu ambao bila wao tusingekaa hata wiki moja.

Najua kuna watakaouliza, "Bayolojia na Kiswahili wapi na wapi?" Jamani, hebu tusemezane ukweli. Bayolojia tunaisoma kwa Kiingereza, tunaikariri kwa Kiingereza, na mtihani ukiisha tunaisahau kwa Kiingereza vilevile. Mimi niliweza kuandika kazi ya lisosomu kwa sentensi moja safi na kupata alama, nisijue nimesema nini. Siku niliyojaribu kumweleza nyanya yangu jambo lilelile kwa Kiswahili, ndipo nilipogundua kwamba kichwani sina kitu. Lugha unayoizungumza kila siku haikuruhusu kujificha.

Basi nianze na hiyo seli. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke aliweka kipande chembamba cha kizibo chini ya hadubini, akaona vijumba vidogo vimepangana. Akaviita kwa jina ambalo mpaka leo tunalitumia, seli. Mwaka 1831 mtaalamu wa mimea, Robert Brown, akitazama maua ya okidi, alieleza kwamba ndani ya kila seli mna kidoa kizito. Akakiita kiini. Je, kwa nini kiini kilitangulia kujulikana? Si kwa sababu ya cheo chake. Ni kwa sababu ni kikubwa, kinaonekana!

Hapa ndipo penye siri ya kosa letu. Kumbukeni siku ile maabara tulipobandua ngozi nyembamba ya kitunguu, tukaitia tone la iodini na kuitazama kwa hadubini. Tuliona nini? Kuta za seli, na kiini. Basi. Hadubini yetu hukuza mara 400, nayo haiwezi kutuonyesha ribosomu hata ukikodoa macho mpaka yatoke machozi. Sisi tukatoka maabara tukisema kiini ndicho kila kitu. Tunasifu kinachoonekana. Hata paredi yetu ya Ijumaa iko hivyo hivyo: anayesimama mbele tunamwona, tunampigia makofi. Aliye nyuma ya jiko hatumwoni.

Sasa niwaeleze kuhusu aliye nyuma ya jiko.

Nyinyi nyote mnamfahamu yule mzee anayechoma taka, anayezibua mifereji ya jikoni na kusafisha mashimo ya maji machafu. Sitamtaja kwa jina lake hapa, kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Lakini mnalijua jina jingine. Mnalijua kwa sababu mmelitumia. Tulipofundishwa habari za viumbe wanaojilisha kwa vitu vilivyokufa na kuoza, kuna mwanafunzi mmoja aliyechungulia dirishani, akamwona mzee akipita na toroli lake, akasema, "Saprofaiti huyo anapita!" Darasa likaangua kicheko. Kufikia jioni jina lilikuwa limefika bwenini. Kufikia mwisho wa wiki hata watoto wa kidato cha kwanza walikuwa wakiita, "We Saprofaiti, leo unakula nini?" halafu wanatoka mbio.

Mwanafunzi huyo mmoja ni mimi.

Naam, nimelisema. Wengi mlidhani jina lilitoka kwa vijana wa kidato cha nne waliomaliza. Halikutoka kwao. Lilitoka kinywani mwangu, na siku zile nilijiona mcheshi wa kupigiwa mfano.

Muhula wa pili mzee akaugua, akaenda kwao. Hakuwepo kwa siku 16. Siku ya kwanza na ya pili hakuna aliyejua. Siku ya tatu mfereji wa nyuma ya jiko ukaziba kwa mabaki ya githeri na ukoko wa ugali. Siku ya nne maji meusi yakaanza kutambaa mpaka kwenye mlango wa bwalo. Siku ya tano, nzi! Tulikula chini ya miti, huku mkono mmoja unashika kijiko na mwingine unapunga. Kule shimo la taka, lundo likapanda likawa kama kichuguu, na usiku mbwa wa kijijini wakafanya karamu. Baadhi yetu tuliharisha. Chanzo sikijui, kwa hivyo sitadai kwamba ni uchafu ule, lakini foleni ya kwenda kumwona nesi mliiona wenyewe.

Je, katika siku hizo amri zilikosekana? La hasha! Kengele ililia kwa wakati wake. Ratiba zilibandikwa ukutani, tena zimechapishwa vizuri. Mwalimu wa zamu alihutubia mara mbili. Viranja waliandika orodha ya zamu ya usafi. Kepteni alifoka mpaka sauti ikamkauka. Maagizo yalijaa tele, ila hakuna aliyejua lile koleo refu la kuzibulia huingizwa upande gani wa bomba. Aliyejua alikuwa amelala kitandani kwao, akitetemeka kwa homa.

Ndipo usiku mmoja wakati wa prepu nikafungua daftari langu la Bayolojia, nikatazama vile vijiduara vitatu vya pembeni, nikaduwaa.

Lisosomu, ndugu msomaji, ni vifuko vidogo vyenye vimeng'enya vya aina zipatazo 60. Ndani yake mna ukali wa asidi, ilhali sehemu nyingine ya seli haina ukali huo. Kazi yao ni kusaga: bakteria waliomezwa na seli nyeupe za damu, chakula, na hata oganeli nyingine zilizochakaa. Wala hazisagi kisha zikatupa tu. Zinavunjavunja vitu vizee na kurudisha vipande vyake ili seli ijengee vitu vipya. Aliyezigundua ni Mbelgiji Christian de Duve, mwaka 1955. Yeye alikuwa akichunguza mambo mengine kabisa ya ini na insulini, akastaajabu kuona kimeng'enya kimoja kinafanya kazi kidogo sana katika maji mabichi ya ini, na kufanya kazi zaidi baada ya maji hayo kukaa siku kadhaa kwenye friji. Akafikiri, lazima kilikuwa kimefungiwa ndani ya kifuko, na kifuko kimepasuka. Alijua lisosomu ipo kabla ya kuiona kwa macho! Mwaka 1974 alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Albert Claude na George Palade. Na mwaka 2016 Mjapani Yoshinori Ohsumi naye alipata tuzo hiyo hiyo kwa kueleza jinsi seli inavyojila na kujisafisha yenyewe. Tuzo mbili za Nobeli kwa habari za kusafisha taka! Sisi hapa tulikuwa tumempa msafishaji wetu nini? Tusi.

Na msidhani lisosomu ilisalimika kwa majina ya utani. Vitabu vingi huiita "mfuko wa kujiua", eti kwa kuwa ikipasuka inaweza kuiangamiza seli. Jina limeshika kuliko kazi. Muulize mwanafunzi yeyote habari za lisosomu, atakutajia kujiua kabla hajakutajia kusafisha.

Kuna ugonjwa uitwao Tay-Sachs. Mtoto huzaliwa salama, anacheka, anashika vitu. Lakini lisosomu zake zimekosa kimeng'enya kimoja tu, kile cha kuvunja aina fulani ya mafuta katika seli za neva. Mafuta yanarundikana siku baada ya siku. Kufikia miezi sita hivi mtoto anaanza kurudi nyuma: hawezi kuketi, haoni, hasikii. Wengi hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Ni kweli kosa lenyewe limeandikwa katika jeni, ndani ya kiini, nami sitalificha hilo. Lakini kinachomuua mtoto ni taka. Kiini kipo, ubongo upo, damu inazunguka, na taka inawashinda wote.

Tuziache lisosomu tuje kwa mitokondria. Oktoba 2019, kule Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Tulipiga vigelegele, na tulistahili. Lakini nauliza, nguvu za kurusha mguu baada ya mguu zilitoka wapi? Kiini hakichomi sukari. Ni mitokondria zilizokuwa zikichukua chakula na oksijeni na kutengeneza ATP, ile sarafu ya nguvu ambayo kila seli hununulia kazi yake. Molekyuli moja ya glukosi, bila mitokondria, hukupa ATP 2 tu. Ikipitia mitokondria, vitabu vya zamani husema jumla ni 38, na hesabu za siku hizi husema ni kama 30 hadi 32. Hata hivyo ni zaidi ya mara kumi! Na mazoezi ya miaka mingi huongeza mitokondria ndani ya misuli. Mkimbiaji anapoamka alfajiri na baridi yake, huwa anaongeza wapishi jikoni.

Na ribosomu? Ndizo mafundi wanaosoma nakala ya maagizo ya kiini na kuunga protini kipande kwa kipande. Seli moja tu ya mnyama inaweza kuwa na mamilioni ya ribosomu. Kiini kinaweza kuwa na maagizo yote ya dunia, lakini kama hakuna wa kuyasoma, hayo ni maandishi ya kuliwa na mchwa. Ni kama ratiba zetu zile zilizobandikwa ukutani.

Sasa mwenzangu wa dawati, ambaye ni hodari wa mabishano, alinipinga vikali niliposoma rasimu hii kwenye mkutano wa chama. Alisema, "Wewe unapotosha watu. Bila kiini hakuna maagizo, na bila maagizo hakuna ribosomu wala hiyo lisosomu yako." Wengine wakampigia makofi. Hoja yake ina uzito, nami sitaikwepa.

Tutazame seli nyekundu ya damu. Hiyo, inapokomaa, hutoa kiini chake nje. Haina kiini! Hutoa pia mitokondria zake, ili nafasi yote ijae hemoglobini ya kubebea oksijeni. Ni mchukuzi asiyeonja mzigo wake. Je, inaishi? Inaishi, inazunguka mwili mzima, na bila hiyo wewe usingeweza kusoma makala haya mpaka mwisho. Kwa hivyo si kweli kwamba pasipo mfalme hakuna kazi. Lakini, na hapa nampa mwenzangu haki yake, seli hiyo haiwezi kujitengenezea protini mpya wala kujigawa. Baada ya siku kama 120 inachakaa, inaliwa na seli nyingine, na lisosomu za seli hizo ndizo zinazoisaga na kuokoa madini yake ya chuma ili yatumike tena. Mwili unalazimika kutengeneza seli nyekundu zaidi ya milioni 2 kila sekunde ili kujaza pengo.

Somo ni nini? Kiini kinahitajika. Sisemi kivunjwe, wala sisemi mwalimu mkuu akazibue mifereji. Nasema kwamba katika seli hakuna anayetawala na hakuna mtumwa. Kiini chenyewe hulishwa na mitokondria, hujengwa kwa protini za ribosomu, husafishiwa nyumba na lisosomu. Mitokondria nazo, ingawa zina DNA yao ndogo ya jeni 37, ambayo mimi na wewe tumeirithi kwa mama zetu, haziwezi kuishi nje ya seli, kwa kuwa maagizo mengi yanayozihusu yako kwenye kiini. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Huenda mwingine atasema haya ni mambo ya kitabuni, hayatuhusu. Basi nimjibu kwa ugonjwa uliomlaza mzee wetu. Alipopimwa damu alikutwa na malaria, ugonjwa ambao sisi wa karibu na ziwa tunaujua kama tunavyojua njia ya kwenda mtoni. Kimelea cha malaria huingia ndani ya seli nyekundu na kula hemoglobini. Humeng'enya chakula hicho ndani ya kifuko chake kidogo, nacho ni oganeli kama hizi tunazozitaja. Mabaki ya chakula hicho ni sumu kwa kimelea chenyewe, kwa hivyo hukigeuza kuwa chembe ngumu zisizomdhuru. Klorokwini, ile dawa chungu ambayo wazazi wetu waliimeza wakakunja nyuso, ilikuwa inaingia katika kifuko hicho na kuzuia taka isigeuzwe. Kimelea kinakufa kwa uchafu wake. Kinakufa, ndugu yangu, kwa kukosa mtu wa kuondoa taka!

Halafu ikawaje? Kimelea kikabadilisha protini moja katika utando wa kifuko kile, ikawa inaisukuma dawa nje. Ni protini moja, katika utando wa kifuko kimoja, ndani ya kiumbe ambacho huwezi kukiona kwa macho. Na kwa ajili hiyo Kenya ililazimika kuacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998 na kuweka SP. Mwaka 2004 ikaamua tena kuhamia AL, vile vidonge vinavyomezwa kwa siku 3. Nchi nzima, hospitali zote, watoto wangapi, kwa sababu ya utando wa kifuko! Nani bado anathubutu kuniambia kwamba kitu kidogo si kitu?

Mzee alimeza AL yake siku zote 3, akapona, akarudi. Siku aliyorudi aliingiza koleo lake upande ule asioujua kepteni, akalizungusha, na mfereji ukafunguka kwa mlio kama wa ng'ombe akipiga mbweu. Tulishangilia kutoka madirishani. Lakini hata katika kushangilia kwetu kuna aliyepaza sauti, "Saprofaiti amerudi!" Mara hii mimi sikucheka.

Jioni nilimfuata kule shimo la taka. Nilimkuta anapanga kuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa?"

"Hapana, mzee. Nimekuja mwenyewe. Lile jina wanalokuita, mimi ndiye niliyelianzisha. Nimekuja kuomba msamaha."

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia, "Mimi sikujua maana yake. Nilidhani ni jina la mchezaji wa mpira. Nikamwuliza binti yangu, yeye anasoma Bayolojia kama nyinyi. Hakunijibu. Aliinamisha kichwa tu. Ndipo nikajua kwamba si jina zuri."

Sikuwa na la kusema. Akaendelea, "Haya, basi. Nishikie hili toroli lisianguke." Nikalishika mpaka alipomaliza kulipakua. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yetu yote.

Tangu siku ile nimekuwa nikimfikiria yule binti aliyeinamisha kichwa. Yeye alijua maana. Alisoma ukurasa uleule tuliousoma sisi, na kwenye ukurasa ule akamkuta baba yake.

Hapa lazima nijikosoe kabla wengine hawajanikosoa. Mfano wa seli una mwisho wake. Lisosomu haisikii uchungu ikiitwa mfuko wa kujiua. Mzee anasikia. Lisosomu haina binti wa kulipiwa karo. Mzee anaye. Tena asije mtu akautumia mfano wangu vibaya, akasema, "Basi kila mtu abaki mahali pake, lisosomu ni lisosomu milele." Hapana! Mtu si oganeli. Binti yule akipenda, kesho atakuwa daktari, na huenda ndiye atakayenipima malaria mimi. Nilichokitaka katika mfano huu ni jambo moja tu: kazi isipimwe kwa kuonekana kwake.

Kwa hivyo nina maombi matatu, nami nayatoa kwa heshima na taadhima.

Ombi la kwanza ni kwenu wanafunzi wenzangu. Lile jina life. Mimi nililizaa, na mimi naomba tulizike. Mzee ana jina alilopewa na wazazi wake. Nendeni mkamwulize, atawaambia.

Ombi la pili ni kwa walimu wetu na usimamizi wa shule. Kila mwaka Siku ya Zawadi tunaita majina ya waliofaulu masomo, michezo, maigizo na usafi wa mabweni. Kiranja wa usafi hupewa cheti. Sijawahi kusikia akiitwa mpishi, bawabu, mtunza bustani, wala mzee wa mifereji. Naomba mwaka huu waitwe, wasimame mbele, tuwaone. Haitagharimu sana. Labda blanketi moja na makofi.

Ombi la tatu ni kwa chama chetu cha Kiswahili. Tuchore seli moja kubwa, tuiandike kwa Kiswahili, kila oganeli na kazi yake kwa sentensi ambayo hata nyanya yangu ataielewa, tuibandike nje ya maabara. Na tuzichore lisosomu kwa ukubwa wa kuonekana hata na anayepita kwa mbali.

Mwalimu wetu wa Bayolojia aliahidi kwamba tutaona. Nami nimeona, ingawa nimechelewa. Siku atakapouliza tena mkubwa ni nani, nitainua mkono na kumwambia kwamba swali lenyewe limekosewa. Akinikata alama, potelea mbali.

 Penye wengi hapaharibiki neno, kwa hivyo mwenye kunipinga na aandike katika toleo lijalo. Mimi niko tayari.